Bei ya Tundu

Niliitwa Jumatano, saa moja asubuhi,
nikapime tundu.
Kariobangi Kusini, nyumba namba tisa,
bati la geji thelathini, limechoka siku nyingi,
na katikati yake tundu la kupitisha yai,
kingo zimekunjikia ndani
kama midomo ya mtu aliyeng'olewa meno.

Nimeziba matundu ya kutu, ya misumari iliyolegea,
ya mawe ya watoto,
ya risasi iliyopigwa juu usiku wa mwaka mpya.
Hili halikuwa na mwenyewe.

Ndani, Gesare alikuwa amelifunika jiwe kwa bakuli
kama mtu anavyofunika panya, asijue la kumfanya.
"Liliingia saa tisa usiku," akasema.
"Likapasua karai, likachimba saruji.
Nilidhani litaniunguza.
Lilikuwa baridi, fundi. Baridi kama kufuli."

Bi Mwanakombo wa namba saba akasema mlangoni
kwamba kwao kimondo hurushwa kumlenga shetani.
Wapangaji wakamtazama mwenye nyumba,
aliyepandisha kodi mara mbili tangu Januari.
Akaivua kofia, akaivaa tena.

Saa nne akaja mtaalamu kutoka Chiromo,
Daktari Naserian, na glovu, na mizani ndogo ya dhahabu.
Gramu mia tatu na kumi. Umri: miaka bilioni nne na nusu.
"Na limelala kwangu bila kulipa," Gesare akasema.

Nikiwa juu ya ngazi nikamuuliza: je, lingekuwa kubwa?

Akajibu bila kuinua uso, akiandika.
Likiwa kama ghorofa la Pipeline, hupasukia hewani.
Mwanga kwanza. Halafu kimya.
Kisha vioo vyote, Buruburu hadi Parklands, vinamwagika,
na wanaokatwa ni wale waliokimbilia dirishani
kutazama kitu kizuri.
Likiwa refu kama jumba la mikutano pale mjini,
usiulize habari za Nairobi. Uliza habari za Thika.
Likiwa kama milima ya Ngong, yote, kwa pamoja,
misitu huwaka bara ambalo halikuguswa,
masizi hupanda, jua huzimwa kama taa ya koroboi,
na mahindi ya Kitale husubiri mwanga mwaka, miaka,
mpaka yasahau.
Ndivyo walivyokwisha dinosaria.
"Nani alibaki?"
"Wadogo. Waliokuwa shimoni. Ukubwa wa panya."
Akalifunga jiwe ndani ya karatasi.
"Ndio nyanya zetu, hao."

Gesare akalitazama bakuli, tupu, sakafuni.

Wahenga walituonya juu ya ufa,
ukuta wakaujua, bei yake wakaijua.
Mimi fundi nilijaribu hesabu ile nyingine
kwa kidole, juu ya vumbi la bati:
mbingu yote, futi kwa futi, misumari mingapi?
Nikafuta.

Nikataja bei yangu: kiraka, lami, misumari minne,
mia saba, na mia moja ya ngazi.
Ndipo mtoto akanivuta suruali. Onsongo, miaka sita.
Akanionyesha sakafu.
Nyumba ile haina dirisha, haijawahi,
na sasa sarafu ya jua ilikuwa imelala saruji,
nyeupe, inatembea.
Alikuwa ameizungushia chaki tangu asubuhi:
duara la chai, duara la mtaalamu,
duara la mimi kupanda juu.

Nikarudi Gikomba kutafuta kipande cha bati la plastiki,
lile linalopitisha mwanga.
Mvua za Machi zilikuwa zimekaribia.
Mia tatu bado ananidai hajanipa,
yaani, mimi ndimi ninayemdai. Tazama, nachanganya.

Tangu siku hiyo, usiku, silali chali kwa raha.
Nasikia bati langu likipoa, tak, tak.
Juu yake liko bati jingine, jembamba, la hewa tu,
lililounguza mawe mengi kabla hayajatufikia.
Sijui aliliezeka nani,
wala kama alilipwa.